Mdogo wangu yuko Dayton na kodi ya nyumba imemshinda: aombeje nyumba ya ruzuku?

Swali. Msomaji wa Kasulu, mkoani Kigoma, anaeleza kwamba mdogo wake aliolewa na Mkongomani aliyekuwa akiishi katika kambi ya Nyarugusu, na mwaka 2023 familia hiyo ikahamishiwa Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, wote wakiwa na hadhi ya ukimbizi. Wana watoto wanne. Shemeji yake anafanya kazi ghalani, mdogo wake analea watoto, na kodi ya nyumba inakula zaidi ya nusu ya mshahara. Jirani aliwaambia waombe nyumba ya ruzuku, lakini akaongeza kwamba orodha ya vocha, yaani hati za kusaidiwa kulipa kodi ya nyumba, imefungwa. Sasa mtu waliyefahamiana naye kwa simu anataka dola 200 ili awaingize. Msomaji anauliza wafanye nini, kama msaada huo utawaharibia makaratasi ya ukaazi, na kama fedha wanazomtumia mama yao Kasulu, pamoja na kiwanja walichonunua huko, vitaingizwa katika hesabu.

Jibu. Dada yangu wa Kasulu, nianze na huyo mtu wa dola 200, kwa sababu jambo lake haliwezi kusubiri. Mwambie mdogo wako asimpe hata senti moja, na zaidi ya fedha, asimpe namba yake ya hifadhi ya jamii wala picha za vitambulisho vya watoto. Kuomba nyumba ya ruzuku katika mamlaka za nyumba za Marekani hakulipiwi, na hakuna mtu wa nje anayeweza kulisogeza jina la mwombaji mbele ya wengine. Zipo pia tovuti za ulaghai zilizopambwa kwa mihuri na bendera, ambazo hukusanya fedha na taarifa za watu maskini kwa kujifanya ofisi ya serikali. Njia salama ya kuipata ofisi halali ni kupitia tovuti ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya nchi hiyo, inayojulikana kwa herufi HUD, ambamo mamlaka zote zimeorodheshwa kwa majimbo pamoja na simu na anwani zake. Ile ya Dayton, kwa mfano, inaitwa Greater Dayton Premier Management, jina ambalo mgeni hawezi kulitambua kuwa ni la mamlaka ya nyumba asipoelekezwa. Ikiwa mdogo wako amekwisha kutoa namba yake kwa huyo mtu, na atoe taarifa mapema kwa tume ya serikali kuu inayoshughulikia wizi wa utambulisho, yaani FTC.

Tukiliacha hilo, inafaa uelewe jinsi kazi hii ilivyogawanywa, kwa sababu sisi huku tumezoea Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, ambalo ni moja kwa nchi nzima. Marekani fedha hutoka serikali kuu kupitia HUD, lakini kazi ya kupokea maombi, kuyapanga na kutoa msaada imekabidhiwa mamlaka za mahali zipatazo 3,300, kila moja ikiwa na orodha zake, vipaumbele vyake, na wakati wake wa kufungua na kufunga maombi. Kwa hiyo, orodha moja kufungwa Dayton si mwisho wa safari. Mamlaka hiyohiyo inaweza kuwa imefunga orodha ya vocha huku ile ya nyumba inazozimiliki ikiwa wazi, na mamlaka ya Columbus au ya Cincinnati, miji mingine ya Ohio, ina orodha nyingine kabisa. Hakuna kanuni ya serikali kuu inayomzuia mtu kuwa katika orodha nyingi kwa wakati mmoja, na ushauri wangu ni kwamba awe katika kila orodha ya mahali ambapo familia yake ingekubali kweli kuishi.

Milango yenyewe ni mitatu, na wengi hugonga mmoja tu. Wa kwanza ni nyumba za umma, ambazo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1937. Mamlaka ndiyo mwenye nyumba, na familia hulipa kwa kadiri ya kipato chake. Wa pili ni vocha, maarufu kama Section 8, iliyotokana na sheria ya mwaka 1974. Hapa familia hutafuta nyumba kwa mtu binafsi, naye hulipwa sehemu ya kodi na mpangaji na sehemu na mamlaka. Wa tatu, ambao husahaulika mno, ni majengo ya watu binafsi au mashirika ambayo yana ruzuku yake yenyewe, au yaliyojengwa kwa nafuu ya kodi ya mapato iliyoanza mwaka 1986. Haya mara nyingi hutunza orodha yake katika ofisi ya msimamizi wa jengo, kwa hiyo ni lazima kwenda jengo kwa jengo. Angalizo ni kwamba katika majengo ya nafuu ya kodi ya mapato, pango huwa na kikomo lakini halipungui mshahara unapopungua, isipokuwa mpangaji ana vocha pia. Shemeji yako akipoteza kazi, tofauti hiyo itamgusa.

Kuhusu sifa, habari ni njema. Kifungu cha 214 cha sheria ya nyumba ya mwaka 1980 kinawataja wakimbizi waliopokelewa rasmi miongoni mwa wasio raia wanaoweza kupata msaada wa nyumba wa HUD, na hawalazimiki kusubiri hadi wapate kadi ya kijani, yaani hati ya ukaazi wa kudumu. Kila mwanafamilia anayeombewa msaada huthibitisha hadhi yake, na kwa wakimbizi hati ya msingi ni fomu ya I-94 waliyopewa walipoingia. Wapige nakala na waitunze hata baada ya kupata kadi ya kijani. Ile hofu kwamba kuomba nyumba kutaharibu ombi la ukaazi wa kudumu nimeisikia kwa familia nyingi, na imewafanya watu walale sita katika chumba kimoja bila sababu. Kigezo cha kumkataa mgeni kwa kuwa atakuwa mzigo kwa serikali hakimhusu mkimbizi anayeomba kadi ya kijani kwa hadhi yake ya ukimbizi. Sheria inamtaka aombe kadi hiyo akishatimiza mwaka mmoja nchini, na kama wao hawajafanya hivyo, walifuatilie sasa, sambamba na nyumba.

Kipato hupimwa kwa kulinganisha na kipato cha kati cha eneo na idadi ya watu katika familia. Kwa vocha, kwa kawaida familia inapaswa kuwa chini ya nusu ya kipato hicho, na angalau asilimia 75 ya vocha mpya katika mwaka sharti ziende kwa wenye kipato cha chini kabisa, yaani takribani asilimia 30 ya kipato cha kati au kiwango cha umaskini cha taifa, kipi ni kikubwa. Familia ya watu sita yenye mshahara mmoja wa ghalani ina nafasi nzuri ya kukidhi sharti hilo. Lakini kukidhi sharti si kupata. Fedha zinazotengwa hazitoshi, na takribani familia moja tu kati ya nne zenye sifa ndiyo hupata msaada wa kodi wa serikali kuu. Kusubiri miaka miwili au zaidi ni jambo la kawaida. Ninakuambia hivi ili mdogo wako asivunje mkataba wa nyumba aliyomo akitumaini kuhama mwezi ujao.

Baadhi ya mamlaka hupanga majina kwa tarehe ya maombi, nyingine huyachagua kwa bahati nasibu, na nyingi zina vipaumbele: wanaoishi au kufanya kazi katika eneo hilo, wasio na makazi, wenye ulemavu, waliokimbia ukatili wa nyumbani, askari wa zamani. Ajaze kile kilicho kweli kwake na asiongeze. Familia inayodai kwamba haina makazi ili ipande juu huombwa uthibitisho siku ya usaili, na uongo ukigundulika hupoteza nafasi na heshima kwa pamoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa nilivyoona katika kazi hii ya kuwajazia watu fomu, huwanyima wengi nyumba kuliko kipato au hadhi ya ukaazi. Nalo ni barua. Familia kama hiyo, iliyohamishwa kutoka Nyarugusu mwaka 2023, ilipokelewa na shirika lililoihudumia kwa siku 90 za mwanzo, na nyumba ya kwanza mara nyingi haiwi ya kudumu. Watu huhama kufuata kodi nafuu, kazi au ndugu, na namba za simu hubadilika. Mamlaka ya nyumba haina habari hiyo. Baada ya muda hutuma barua kuuliza kama mwombaji bado anahitaji msaada, na barua isipojibiwa kwa tarehe iliyowekwa, au ikirudishwa na posta, jina hufutwa. Katika visima vyetu ndoo iliyopangwa kwenye mstari humshikia mwenyewe nafasi hata akienda kupika. Orodha hizi hazina ndoo, humtaka mwombaji aitike kila anapoitwa. Nimeona watu waliosubiri kwa uvumilivu wote, kisha wakafika ofisini kuuliza zamu yao na kukuta jina halipo, kwa sababu tu barua ilikwenda kwenye nyumba waliyokwisha kuhama.

Kwa hiyo, mdogo wako na awe na daftari moja la kazi hii. Kila anapoomba, aandike jina la mamlaka, jina la orodha, tarehe, namba ya uthibitisho, na anwani aliyoitoa. Akihama, aitaarifu kila mamlaka peke yake, kwa maandishi au kupitia akaunti yake kwenye mtandao wa mamlaka hiyo, na abaki na ushahidi kwamba alitoa taarifa. Kulitaarifu shirika lililowapokea hakutoshi, na kuitaarifu posta peke yake pia hakutoshi. Kwenye sanduku la barua yaandikwe majina ya watu wazima wote wawili, kwa kuwa majina yao ya ukoo hayafanani na msambazaji wa barua anaweza kuirudisha ya yule asiyemjua. Kama wanatarajia kuhamahama, waulize kama wanaweza kutumia anwani ya barua ya kanisa au ya ndugu aliyetulia mahali. Na barua ya Kiingereza kigumu isikae juu ya kabati ikimngoja mtu wa kuisoma Jumapili. Ipigwe picha siku hiyohiyo na ipelekwe kwa anayeielewa. Hapa hata wewe uliye Kasulu una kazi, Dada: kila mnapoongea kwenye simu, baada ya salamu na habari za watoto, muulize kama kuna barua.

Zamu ikifika, familia huitwa kwenye usaili. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi kwa sababu ya asili ya taifa katika mipango inayopokea fedha za serikali kuu, na kwa msingi huo mdogo wako aombe mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa maandishi, badala ya kumtegemea mtoto wa darasa la nne atafsiri mkataba. Asitie sahihi karatasi ambayo hajaelezwa ikaeleweka.

Hesabu ya kodi nitaifanya kwa mfano, kwa sababu watu huambiwa kwamba watalipa asilimia 30, wakaishia kubishana ofisini kuhusu asilimia 30 ya nini. Tuseme shemeji yako analipwa dola 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Hiyo ni dola 31,200 kwa mwaka kabla ya makato ya mwajiri, na mamlaka huanza na kiasi hicho, si kile kinachoingia benki. Kisha hupunguza posho za kisheria. Tuchukue dola 480 kwa kila mtoto, kiwango kilichotumika kwa miaka mingi na ambacho siku hizi hurekebishwa kufuata bei: watoto wanne ni dola 1,920, na kinabaki kipato cha dola 29,280, au 2,440 kwa mwezi. Asilimia 30 yake ni dola 732. Kama mamlaka imeweka kiwango cha dola 1,400 kwa nyumba ya ukubwa wao, pamoja na umeme, maji na gesi, na wao wakapata nyumba ya gharama hiyohiyo, watalipa 732 na mamlaka italipa 668. Wakitaka ya dola 1,600, ile 200 ya juu ni yao, na jumla yao inakuwa 932. Ya dola 1,700 haitakubaliwa, kwa kuwa sehemu yao ingefika 1,032, ilhali wakati wa kuingia nyumba mpya inayozidi kiwango, familia hairuhusiwi kulipa zaidi ya asilimia 40 ya kipato kilichorekebishwa, ambayo kwao ni dola 976. Mdogo wako naye akianza kazi na kulipia malezi ya watoto walio chini ya miaka 13, gharama hiyo ya malezi inaweza kupunguzwa pia, kwa hiyo atunze risiti.

Vocha ikitolewa, familia hupewa angalau siku 60 za kutafuta nyumba. Zinakwisha upesi. Nyumba lazima ikaguliwe na kodi yake ionekane kuwa ya haki kabla mamlaka haijaanza kulipa, na wasihamie wala kusaini kabla ya idhini. Siku zikielekea kuisha, waombe kuongezewa kwa maandishi kabla ya tarehe, wakionyesha nyumba walizokwenda kuziona. Dhamana ya mwenye nyumba kwa kawaida hailipwi na vocha, na ada ya mwenye nyumba binafsi ya kuchunguza historia ya mpangaji ni halali mahali pengi. Hii ni tofauti na zile dola 200 za mtu wa simu, basi wasizichanganye. Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968 inamkataza mwenye nyumba kuwakataa kwa sababu ya rangi, dini au asili ya taifa, na tangu mwaka 1988 kwa sababu ya kuwa na watoto. Kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha kwa kawaida hakukatazwi na serikali kuu, ingawa baadhi ya majimbo na miji imekukataza. Kwa waliopata vocha ya mamlaka ya mji ambamo hawakuwa wakiishi wakati wa kuomba, mamlaka hiyo inaweza kuwataka wakae kwanza miezi 12 katika eneo lake kabla ya kuihamishia kwingine, na hilo shemeji yako alipime dhidi ya kazi yake kabla ya kuomba Columbus.

Wakikataliwa, barua ya kukataliwa inapaswa kueleza sababu na njia ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Waombe ndani ya muda uliotajwa, hata kama bado wanatafuta ushahidi.

Jambo moja linagongana na malezi yetu, na sitalipamba. Katika nyumba ya ruzuku, wanaoishi ni wale tu walioandikwa. Mtoto akizaliwa, mamlaka huarifiwa. Mtu mzima mwingine yeyote huombewa idhini kwanza. Binamu akitoka jimbo jingine kutafuta kazi, anaweza kupokewa kama mgeni kwa siku zinazoruhusiwa na mkataba, lakini akikaa bila kuandikwa, na mshahara wake usitajwe, familia nzima inaweza kupoteza msaada na kudaiwa fedha zilizolipwa. Najua ilivyo vigumu kumwambia ndugu kwamba muda wake umekwisha. Wamweleze mapema, kabla hajafika, ili isionekane kwamba wamemchoka.

Kuhusu mama, fedha wanazomtumia hazipunguzwi katika kipato. Mamlaka huhesabu kinachoingia katika kaya, na wajibu wa kumtunza mzazi aliye Kasulu hauna posho yake katika kanuni hizo, hata kama kwenu ni wajibu usio na mjadala. Wapange kiasi cha kutuma baada ya kujua kodi yao, si kabla. Kiwanja nacho ni mali, na mali iliyo nje ya Marekani hutajwa kama iliyo ndani. Akitaje kwa thamani ya kweli anayoweza kuionyesha kwa karatasi ya mauziano. Kiwanja kitupu cha bei ya kawaida ya Kasulu hakielekei kubadilisha hesabu, lakini kukificha kunaweza kumtia katika kosa la kutoa taarifa za uongo. Kama wameanza kujenga, aseme hivyo, kwa sababu nyumba inayofaa kuishi huulizwa maswali zaidi.

Mwisho, kuna msaada ambao ni wewe tu unayeweza kuutoa. Usaili utahitaji vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na wale waliozaliwa Nyarugusu huenda wana tangazo la kizazi tu. Uliza ofisi ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ya wilaya yenu nini kinahitajika ili cheti kitolewe wakati wazazi wako nje, na uanze sasa, orodha ikiwa bado imefungwa. Kabla cheti hakijaandikwa, mdogo wako akutumie picha ya I-94 ya kila mtoto ili uone jina na tarehe ya kuzaliwa vilivyoandikwa huko. Vikitofautiana na tangazo la kizazi, usibadilishe chochote kwa kubahatisha. Mweleze mwandikishaji wa RITA tofauti hiyo, naye mdogo wako aiulize mamlaka ya nyumba itakubali uthibitisho upi.